Bolti iliyoganda au kukatikia kwenye injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi injini tunazokutana nazo kila siku gereji: Toyota ndogo za petroli zenye hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ya alumini, dizeli za Hiace na Land Cruiser, Fuso, na pikipiki za bodaboda. Kama una injini ya boti au jenereta, mengi yatakufaa pia, ila ongeza subira, kwa sababu chumvi haina huruma.

Kwa nini bolti iliyoingia kwa vidole inakataa kutoka miaka michache baadaye?

Mara nyingi ni kutu, na kutu ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ule upenyo mdogo ulioachwa kati ya thredi za bolti na thredi za tundu hujaa, kisha hubanwa. Kwa hiyo bolti haijakauka tu, imebanwa pande zote.

Bolti ya chuma ndani ya alumini ni kesi nyingine. Metali hizi mbili zikilowana maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, ndio huo. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja tunauona sana, lakini hata mtu wa Dodoma au Nakuru anaweza kuutengeneza mwenyewe kwa kujaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti. Bolti za wota pampu na za nyumba ya themostati ndizo zinazolipia deni hilo.

Kwenye ekzosi ni joto: kupanda na kushuka kila siku mpaka uso wa chuma unachakaa na kushikana. Na kuna kesi ambazo hakuna kutu kabisa, ni fundi aliyepita alikaza kwa bomba refu au alipaka gundi ya thredi.

Nijuaje kwamba bolti inakaribia kukatika?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, maana bolti ambayo haijakatika bado ni kazi ya nusu saa, ikishakatika ni kazi ya siku nzima.

Bolti inayoachia vizuri hutoa mlio mkavu, "ta!", halafu inazunguka. Inayoelekea kukatika huwa kimya. Mkono unahisi imeanza kwenda, lakini inakwenda kwa ulaini wa ajabu, kama inavutika. Hapo simama, usiongeze hata robo ya nguvu.

Kama hujazoea kuhisi, chora mstari mmoja kwa kalamu ya rangi, uanzie juu ya kichwa cha bolti na uendelee mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Vuta spana kidogo kisha iachie. Mistari ikiachana na kubaki imeachana, bolti imezunguka. Ikiachana na kurudi kukutana ulipoachia spana, bolti haijatoka popote. Shingo yake ndiyo inayojipinda. Jaribu hivyo kwa bolti za M6 na M8 (za unene wa milimita 6 na 8) kabla ya zote. Hizo ndizo zinazokatika sana, kwa sababu mkono wa mtu mzima na spana ya kawaida vinazishinda bila kutoa jasho.

Nifanye nini kabla ya kuweka spana?

Safisha. Brashi ya waya kwenye kichwa na kwenye thredi zozote zinazoonekana, na toa matope yote yaliyojaa ndani ya kichwa kama ni cha ellen (chenye shimo la pembe sita). Halafu chagua soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha za kichwa tu, na kwa bolti iliyoganda ndiyo mwanzo wa kuliwa.

Kisha nyundo. Gonga kichwa cha bolti moja kwa moja, mara nyingi na kwa nguvu ya wastani, ukiwa umeshika kitu cha brasi au ncha butu katikati. Mtikisiko unavunja kutu ambayo spana haiwezi kuivunja. Vijana wengi hukimbilia bomba la kurefushia mkono wa spana wakati nyundo ipo mkononi, na hilo mimi silielewi mpaka leo.

Baada ya hapo weka mafuta, subiri, gonga tena. Ukianza kufungua, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha legeza. Ikiachia robo mzunguko, irudishe nyuma kidogo, ongeza mafuta, endelea mbele. Nenda hivyo hivyo mpaka itoke. Ukiilazimisha mfululizo, unga wa kutu unajikusanya kwenye thredi na bolti inakwama katikati, tena vibaya kuliko mwanzo.

Mafuta gani ni bora: WD-40, dizeli, mafuta ya taa, au soda?

WD-40 tunayoijua sote ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji yasilete kutu, na jina lake lenyewe linahusu kufukuza maji. Inasaidia, lakini dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa kupenya kutu huishinda. Kama huna hizo, changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asitoni nusu kwa nusu. Asitoni hutengana na mafuta haraka, kwa hiyo tikisa chupa kila mara kabla ya kutumia. Mchanganyiko huo unawaka moto kwa urahisi, usiuweke kamwe karibu na tochi ya gesi.

Dizeli na mafuta ya taa hufanya kazi polepole, lakini kwa gari litakalolala gereji si mbaya. Soda ya kola ina asidi ya fosforasi kidogo. Huondoa kutu ya juu juu, ila kwa bolti iliyokazwa kwenye injini ni kupoteza soda. Mafuta ya breki hayafai kwa sababu yanakula rangi ya gari na mwenye gari atakuja juu.

Muda una uzito kuliko chapa. Paka jioni, gonga, paka tena, lala. Asubuhi utashangaa.

Kupasha moto kunasaidiaje, na nipashe wapi?

Pasha kinachoishika bolti, si bolti yenyewe, pale panapowezekana. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Chukua bolti ya M8 ndani ya hedi ya alumini: ukipandisha joto kwa nyuzi 150 hivi, tundu linapanuka kuliko bolti kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo mno kwa macho, lakini kwa kutu inatosha kupasuka.

Kwa hedi ya alumini tumia tochi ndogo au bunduki ya hewa moto, tembeza moto bila kutulia sehemu moja. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660, na aloi za hedi huanza kulegea chini ya hapo. Tena haibadiliki rangi kukuonya. Inakaa vilevile na kijivu chake mpaka dakika inapodondoka. Moto wa oksijeni na asetilini juu ya hedi ya alumini ni kazi ya mtu mwenye mkono wa uzoefu tu.

Kwa chuma cha kusubu, kama bloku za dizeli nyingi au manifoldi ya ekzosi, unaweza kuwa mkali zaidi. Nati iliyoganda kwenye stadi (bolti isiyo na kichwa) ya ekzosi ipashe mpaka iwe nyekundu iliyofifia, acha wekundu upotee, kisha fungua. Ujanja mmoja wa zamani: bolti ikiwa na moto lakini haiwaki, gusa thredi kwa mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani kabisa, mahali mafuta hayafiki.

Moto hulegeza pia gundi ya thredi. Ile nyekundu ya Loctite inahitaji kama nyuzi 260 ili iachie, kwa hiyo kupasha kidogo kidogo hakutasaidia kitu.

Ondoa kwanza mipira ya petroli, nyaya na oili iliyomwagika. Na kama umesafisha sehemu hiyo kwa dawa ya breki yenye klorini, usiweke moto wala usichomelee mpaka ikauke kabisa: moto huigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani mwaka 1915.

Kichwa kimeliwa na spana inazunguka tu. Nifanyeje?

Kama kuna nyama iliyobaki, gonga kwa nyundo soketi ndogo kidogo, mfano ya 11 kwenye kichwa kilichokuwa cha 12, mpaka iingie kwa kubana. Zipo pia soketi zenye meno ya kupinda ndani zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa gereji inayopokea magari ya zamani ni fedha iliyotumika vizuri. Vaisi gripu (koleo linalojifunga likibana) ni nzuri mradi upate pa kuuma. Ukiigonga kwa nyundo upande wa kufungulia huku imebana, inafanya kazi mara mbili.

Patasi nayo ina nafasi yake. Kata alama ukingoni mwa kichwa, kisha elekeza patasi kwenye alama hiyo na ugonge kwa kuzungusha kuelekea kushoto.

Vikishindikana vyote, kata kichwa. Toboa katikati kwa biti yenye upana wa shingo ya bolti mpaka kichwa kidondoke. Watu wanaogopa hatua hii, lakini kichwa kikishatoka, ule mkazo uliokuwa unavuta bolti umekwisha. Ondoa kifaa kilichokuwa kimefungwa, na mara nyingi kipande kilichobaki kinatoka kwa vaisi gripu bila ugomvi.

Skrubu za nyota kwenye kava ya pikipiki zinaliwa kila mara. Kuna siri?

Pikipiki zenye asili ya Kijapani, na nyingi zilizonakili muundo wao, hutumia nyota ya kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya Phillips inaingia lakini haikai hadi chini, na imeundwa kwa namna inayojisukuma nje ukiikaza. Nunua bisibisi ya JIS au bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kichwani inazunguka huku ikisukuma ndani. Ukirudisha kava, weka bolti za ellen badala ya hizo skrubu.

Bolti imekatika, lakini kipande kimebaki nje. Nianzie wapi?

Kama ni stadi yenye thredi nzima, weka nati mbili, zibanane zenyewe kwa zenyewe, kisha fungua kwa spana ukishika ile ya chini. Kama thredi zimeharibika, vaisi gripu pamoja na moto.

Kwa maoni yangu, dawa kubwa ya kipande kilichobaki ni kuchomelea nati. Chukua nati ambayo tundu lake ni pana kuliko kipande, iweke juu, kisha jaza weldi ndani ya tundu la nati ukianzia katikati ya bolti. Weldi ya chuma haishiki kwenye alumini, kwa hiyo hata ukitoka nje kidogo hedi haitaungana na bolti. Faida yake ni mbili: unapata kichwa kipya, na joto linapita moja kwa moja ndani ya bolti iliyoganda, likivunja kutu toka katikati. Acha wekundu uishe, weka mafuta kidogo, kisha zungusha mbele na nyuma kwa utulivu. Nati ikitoka bila bolti, chomelea nyingine. Usikate tamaa kwa nati ya kwanza wala ya tatu. Kila mchomo ni joto jingine.

Kabla ya kuwasha mashine, toa waya hasi wa betri, na weka klipu ya adhi kwenye injini yenyewe karibu na kazi. Ukiifunga kwenye bodi upande wa pili wa gari, umeme utatafuta njia kupitia beringi na nyaya za kompyuta ya injini.

Imekatikia ndani kabisa, sawasawa na uso wa hedi. Sasa?

Weldi bado inawezekana: unajenga kifundo kidogo cha weldi juu ya bolti, tone kwa tone, mpaka kitokeze juu ya uso, halafu unachomelea nati juu yake. Mwenye mashine ya migi na mkono mzuri huwa hagusi drili kabisa.

Wengine tunatoboa, na hapo kazi yote iko kwenye kupata katikati. Bolti ikikatika huacha uso wenye mwinuko, na biti itateleza kuelekea upande laini, yaani kwenye alumini. Sawazisha kwanza kwa mashine ndogo ya kusaga au kwa patasi nyembamba. Piga senta panchi, angalia kwa tochi na kioo cha kukuzia kama una mashaka, na kama umekosea, isukume alama kwa kuipiga panchi kwa kuilaza. Dakika kumi hapa si hasara.

Bora zaidi ni kuongozwa. Kwa stadi za ekzosi, rudisha manifoldi na uifunge kwa bolti zilizo salama, kisha mpe fundi wa leizi akuchongee kibomba kidogo: nje kinaingia kwa kubana kwenye tundu la manifoldi, ndani kina tundu la biti ya kwanza. Sasa biti haina pa kwenda isipokuwa katikati. Gerezani kule Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala hukosi mtu wa leizi wa kukufanyia hivyo wakati unasubiri.

Mfano wa M8 yenye hatua (umbali kati ya thredi na thredi) ya 1.25: anza na biti ya milimita 3, nenda 5, malizia 6.5. Mwendo wa polepole, mafuta ya kukatia, biti yenye makali. Biti ikianza kulia badala ya kukata, simama, maana inapasha uso na kuufanya mgumu. Funga kipande cha tepu ya umeme kwenye biti kuonyesha kina, kwa sababu matundu mengine ya hedi yana njia ya maji nyuma yake. Ukishafika 6.5 katikati kweli, kinachobaki ni ganda jembamba lenye thredi, unaling'oa kwa msumari uliochongwa ncha na kupitisha tapu (kifaa cha kukatia thredi) taratibu.

Ukipata biti za kushoto, zitumie. Zinatoboa huku zikizunguka upande wa kufungua, na si mara moja bolti imetoka yenyewe katikati ya kutoboa.

Na ekstrakta, kile kichuma cha kung'olea bolti iliyokatika? Kila duka linauza.

Fikiria hivi. Bolti nzima ya M8 imekataa kutoka mpaka ikakatika. Sasa unataka kitobo cha milimita 4 ndani yake kiingizwe kichuma chembamba zaidi, tena kigumu kisichopinda, kifanye kazi iliyomshinda mwenye mwili mzima. Hesabu haikubali. Ile yenye umbo la pia ina ubaya wa ziada: kadiri unavyoikaza, inasukuma kuta za bolti nje na kuibana zaidi.

Ekstrakta inafaa pale bolti ilipokatika kwa sababu nyingine: imekazwa kupita kiasi leo hii, au imechoka kwa mtetemo. Bolti hiyo haijaganda, inakaa tu humo. Jaribu kwa ncha ya msumari kuizungusha; ikionyesha kusogea, ekstrakta itaitoa vizuri.

Ekstrakta au tapu imevunjikia ndani. Ndiyo mwisho wa hedi?

Hapana, ila ndiyo mwisho wa biti za kawaida. Hicho ni chuma kigumu kuliko hizo. Jaribu kukivunja vipande kwa panchi ngumu, mara nyingine tapu hupasuka kama kigae. Au chomelea juu yake. Vikikataa, unahitaji biti ya kabaidi kwenye mashine iliyotulia, si drili ya mkononi, au karakana yenye mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme. Peleka mapema. Hedi inayofika karakana ikiwa na tundu moja la katikati inaokolewa. Ile iliyotobolewa kila upande inabidi ijazwe alumini na kuchongwa upya.

Nimesikia shabu huyeyusha bolti. Ni kweli?

Ni kweli, na ni shabu ileile ya kinyozi na ya kutulizia maji ya kisima. Mafundi saa wameitumia muda mrefu kutoa skrubu za chuma zilizokatikia kwenye brasi. Maji ya moto yaliyoshiba shabu hula chuma polepole na kuiacha alumini na brasi.

Lakini masharti ni makali. Kifaa lazima kitoke kwenye injini na kizame kwenye maji hayo, na yakae moto, si chini ya saa kadhaa. Bolti nene inaweza kuchukua siku. Sufuria isiwe ya chuma. Na kifaa kisiwe na chuma kingine unachokihitaji. Hedi ya silinda ina siti za vavu za chuma, kwa hiyo imetoka kwenye orodha, na bloku ya chuma cha kusubu usiulize. Kabureta ya alumini, nyumba ya themostati, kava ya pikipiki: hapo shabu inang'aa. Fanyia nje penye hewa, na suuza vizuri ukimaliza.

Hita plagi za dizeli yangu hazitoki. Nizilazimishe?

Usithubutu. Hita plagi ni bomba jembamba lenye waya ndani, na likikatika ncha inaweza kudondoka kwenye silinda. Washa injini mpaka ipate moto kamili, zima, fungua ikiwa bado ya moto. Weka mafuta ya kupenya siku moja au mbili kabla, huku ukiendelea kutumia gari, ili joto na baridi viyavute mafuta ndani. Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kuzungusha, kwa Nm): kwa plagi za M10, kikomo cha kufungulia kinachopendekezwa ni kama Nm 35; za M8, kama Nm 20. Ikifika hapo haijaenda, rudi kwenye mafuta na moto wa injini.

Kinachoshika mara nyingi si thredi, ni masizi kwenye ncha. Plagi ikizunguka lakini haitoki, irudishe ndani, weka mafuta, zungusha tena. Ukiweka mpya bila kusafisha tundu kwa rima yake (kifaa cha kukwangulia tundu), umepanda tatizo la miaka miwili ijayo.

Nikitoboa hedi ikiwa bado kwenye injini, chenga za chuma zitaingia ndani?

Zitajaribu. Paka grisi nyingi kwenye biti na tapu ili chenga zishike, itoe na kuifuta mara kwa mara, ziba njia zote kwa vitambaa vikubwa visivyoweza kusahaulika. Sumaku itakamata chuma, haitakamata alumini. Vuta kwa mashine ya kunyonya kwanza. Kompresa iwe ya mwisho, maana hewa huzisukuma mahali usipopaona.

Bolti imetoka lakini thredi zimekufa. Niweke bolti nene zaidi?

Unaweza, ukiwa na nyama ya kutosha kuzunguka tundu, lakini kesho fundi mwingine hatajua kwa nini bolti moja ni tofauti. Helikoili ni bora. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliozungushwa kama springi: unapanua tundu, unakata thredi mpya kwa tapu yake, unaingiza waya, na bolti ya kipimo kilekile inarudi. Kwa alumini, thredi za helikoili huwa imara kuliko za mwanzo. Kwa bolti ya kumwagia oili, inayofunguliwa kila sevisi, au tundu la plagi, bushi nzima ya kuchonga inadumu zaidi kuliko waya.

Gundi za chuma za mirija miwili hazifai kwa bolti inayobeba mzigo. Zinauzwa kwa maneno matamu, zinashika wiki mbili.

Nimenunua tapu ya 12 kwa bolti ya 12 na haiingii. Kwa nini?

Kwa sababu 12 ni kipimo cha spana. Kwenye magari ya Kijapani, kichwa cha 10 ni bolti ya M6, cha 12 ni M8, cha 14 ni M10, cha 17 ni M12. Za Ulaya hutofautiana: M8 kichwa chake ni 13. Hatua ya thredi nayo ipime kwa geji. M10 ziko za 1.25 na za 1.5, na ukizichanganya tundu limekwisha.

Kuna bolti za kushoto kwenye injini?

Chache. Feni ya Land Rover ya 300Tdi ina nati kubwa inayofunguka upande wa kinyume, na BMW nyingi za silinda sita vilevile. Nje ya injini, malori mengi ya Kijapani yana nati za kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Nati ikikaidi kupita kawaida, angalia thredi zinazoonekana zinapanda kuelekea wapi kabla ya kuleta bomba.

Wakati wa kurudisha, nipake grisi ya kopa kila mahali?

Kwenye stadi za ekzosi, ndiyo. Kwenye bolti za chuma zinazoingia alumini karibu na maji, kidogo. Bolti za hedi fuata kitabu cha injini: nyingi zinataka oili ya injini tu, na zile za kuvutika (zinazorefuka zikikazwa) hupimwa urefu au hubadilishwa kabisa. Kwenye plagi za petroli, NGK hawapendekezi, kwa sababu zao zimeshapakwa metali ya kuzuia kuganda na grisi inafanya mtu akaze kupita kiasi.

Hiyo ndiyo hoja yenyewe: thredi yenye grisi inateleza, kwa hiyo toki ileile inavuta bolti zaidi. Kama kitabu kimetoa namba ya thredi kavu nawe umepaka, punguza asilimia 20 hadi 30. Usipokuwa na kitabu, bolti kavu ya daraja la 8.8 inabeba takriban Nm 10 kwa M6, 25 kwa M8 na 50 kwa M10. Kwenye alumini kaa chini ya hapo. Bolti ya kumwagia oili ya Probox au IST yenye injini ya 1NZ ni Nm 38 hivi, na washa mpya.

Tundu lisilopenya upande wa pili likaushe kwanza. Oili au maji yakibaki chini, bolti inayoshuka inakuwa pistoni, na bloku za chuma cha kusubu zimepasuka kwa sababu hiyo tu. Na bolti yenyewe nunua yenye 8.8 au 10.9 iliyoandikwa kichwani. Ile isiyo na alama, inayouzwa kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ifungie geti.